Mlengwe Dume, Mlengwe Jike

1

Nungu wa kwanza aliwashwa saa mbili asubuhi, na aliyemruhusu ni mimi.

Nungu ni mashine ya miguu minane, kimo chake hakimzidi mbuzi. Mgongoni ana miiba ya chuma; akiizamisha ardhini hutoka na mzizi mzima wa kichaka, hata ule mwembamba kama uzi. Hagusi kitu bila idhini. Idhini hutoka kwa Mtambuzi, ubongo wa kioo uliofungwa ofisini kwetu Lushoto, unaoangalia kila jani kupitia macho ya nungu na kulitaja jina. Na Mtambuzi naye hasikilizwi mpaka mbainishi mkuu aweke kidole gumba. Mbainishi mkuu wa milima yote ya Usambara ni mimi, Foibe Shechambo, mwaka wa kumi na tisa sasa. Sioni haya kujisifu. Wako watu waliozaliwa na sauti ya kuimba. Mimi nilizaliwa na jicho la kutofautisha majani, na nimelitumia vizuri.

Kazi ya siku ile ilikuwa kung'oa kichaka kiitwacho mlengwe. Kutu ya viazi ilikuwa imeteketeza mashamba ya wilaya mbili kwa misimu miwili mfululizo, na kila mtu alijua inakokaa kiangazi: upande wa chini wa jani la mlengwe, kimya, haionekani hata kwa kioo cha kukuzia, ikisubiri mvua iirushe mashambani. Ng'oa mlengwe kabla ya mvua, kutu itakosa pa kulala. Mvua ilikuwa imebakiza siku tisa.

Milimani kwetu kuna aina nne za mlengwe. Tatu hazina shida, hata mwanafunzi wa darasa la tano anazitofautisha. Ya nne, yenye maua ya zambarau na majani ya meno madogo, ndiyo yenye kutu. Mimi ndiye niliyeipambanua miaka thelathini iliyopita nikiwa binti mwembamba mwenye madaftari mengi, na kwenye Rejesta, daftari rasmi la mimea, inaitwa mlengwe wa Shechambo. Watu hunitania kwamba nimezaa ugonjwa. Mimi hucheka, maana jina ni jina.

Tulikuwa mteremko wa Kwehoza, juu ya chemchemi. Injinia Yonazi Ngoda, mtu wa Mlalo, mpole, mwenye kuwaongoza nungu kwa kibao kifuani, aliinua mkono kuonyesha kwamba wako tayari. Nungu sita wakaanza kupanda. Hawakufika mbali. Mwanamke wa kama miaka thelathini na mitano alitoka shambani, akasimama mbele ya wa kwanza, akaketi kabisa juu ya kichaka ambacho nungu huyo alikuwa anakiendea.

"Dada, ondoka hapo, mashine hiyo haina macho ya huruma," Ngoda akamwambia.

"Basi nyie mnayo. Huyu ni jike. Jike hang'olewi."

Nikamwendea. Jina lake Saumu Mahanyu, mtunza mbegu wa kijiji kile. Maharage ya kupanda ya kaya zaidi ya mia yako chini ya ulinzi wake. Nilimsalimia, akaniamkia vizuri kwa heshima zote, lakini hakuinuka.

"Mwanangu," nikasema, "habari ya mlengwe dume na mlengwe jike naijua tangu sijaolewa. Nilishaiandika. Ni kichaka kimoja, kimekaa jua tofauti na kivuli tofauti."

"Shikamoo tena, mama. Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi."

"Basi leta kidole."

Alivunja kikonyo cha ua cha kichaka alichokalia, kisha akaenda hatua kumi akavunja cha kichaka kingine. Macho yangu hayakuona tofauti yoyote, na macho yangu si ya mchezo. Akanipitishia cha kwanza kwenye ncha ya kidole. Ilibaki alama ya unga mweupe, laini, kama wa muhogo uliopepetwa mara mbili. Cha pili hakikuacha kitu.

"Ule wenye unga tunauchanganya na maharage ya mbegu," akasema Saumu. "Fukusi haingii mwaka mzima. Ukikosea ukatia dume, mwezi hauishi maharage yote yametobolewa, na mama yako anakuchapa. Mimi nimechapwa mara moja tu. Nilikuwa na miaka sita."

Nilijaribu vikonyo ishirini. Vyenye unga vilikuwa na unga kamili, visivyokuwa nao havikuwa hata na chembe. Kitu cha jua na kivuli hakigawanyiki hivyo. Kingekuwa na vya katikati.

"Mama mkuu?" Ngoda aliniita. "Niwaruhusu waendelee?"

"Wasimamishe," nikasema.

"Niandike sababu gani?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ninalolionea aibu mpaka leo. Nilisema, "Andika hitilafu ya betri."

2

Kesho yake asubuhi nilijifungia na makabati yangu.

Mtambuzi hakuzaliwa na akili. Alifundishwa, na kwa upande wa mlengwe alifundishwa na karatasi zangu: matawi mia nne na kumi na mawili yaliyokaushwa, yakabanwa, yakashonwa kwenye karatasi nene, kila moja na mahali lilipotoka kwa mwandiko wangu. Wageni wakija hupelekwa kuziona. Nimewahi kusimama pembeni ya kabati lile kama mama wa bibi harusi.

Nilivuta droo ya kwanza, nikainama nikanusa. Moshi.

Mwaka niliokusanya mlengwe mvua ilinyesha miezi mitatu bila kupumzika. Kikaushio cha ofisi kilikuwa kimekufa. Majani mabichi yakikaa siku mbili yanaota ukungu, na mimi sikuwa tayari kupoteza hata moja. Nikafanya ambalo binti yeyote wa Kisambaa angefanya: nikayapandisha kwenye dari ya jikoni kwa mama, juu ya mafiga, pale pale tunapotundika mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde. Yalikauka vizuri mno. Nilijipiga kifua kwa ujanja ule, nikawafundisha hata wanafunzi.

Lakini unga wa mlengwe jike ni nta. Joto la mafiga liliuyeyusha, moshi ukapaka rangi moja juu ya kila kikonyo. Nilipoyashusha yale matawi, aina mbili zilikuwa zimekuwa moja, nami nikazitia jina moja, na Mtambuzi akakariri nilichompa. Alipokuja kuangalia vichaka vilivyo hai na kuona vingine vinang'aa kidogo, alihesabu mng'ao kuwa umande.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa chini ya karatasi ya tisini na nne. Penseli, mwandiko wangu wa ujana, herufi zimelala kwa haraka: *Wenyeji husema dume na jike. Si kitu.*

Ngoda alinikuta nimekaa sakafuni. Nilimweleza yote, maana uongo wa betri ulikuwa umeshanikaa kooni. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Vinasaba?" akauliza.

"Kipimo cha haraka husoma kipande kimoja tu, na kwenye kipande hicho hawa wawili wanafanana. Wametengana juzi juzi, kwa hesabu ya milima. Kusoma vyote, jani moja kwa moja, ni wiki mbili kule maabara ya chini tambarare. Vichaka vipo makumi ya maelfu."

"Na kutu inakaa kwa nani?"

"Nimeangalia majani yote ya misimu iliyopita yaliyokutwa na kutu. Vikonyo vya maua vilivyokatwa pamoja nayo vimehifadhiwa kwenye barafu, havikupita motoni. Hakuna hata kimoja chenye unga. Nadhani nta hufika hadi kwenye jani, kutu inateleza."

Ngoda alivuta kiti akakaa. "Kwa hiyo tukiwaachia nungu, tunang'oa mwenye hatia na asiye na hatia. Yule jike anaota wapi kwingine?"

"Kule tu. Miteremko saba ya Kwehoza. Hapa duniani, Yonazi, hana kwingine."

Kisha alinieleza, kwa upole wake ule ule, mambo ambayo nilikuwa nayajua. Hukumu ya Mtambuzi ina nguvu ya sheria. Anayeweza kuifuta ni mbainishi mkuu peke yake, hadharani, kwa kutaja kosa. Nikilitaja kosa langu, kila idhini niliyotoa kwa miaka kumi na tisa itafunguliwa ikaguliwe. Na hilo lilikuwa jepesi kuliko la pili: nungu wakizuiwa, dume abaki, mvua ikija, wilaya ya tatu itakosa viazi. Wapo watu walioniambia kwa midomo yao kwamba msimu mwingine kama ule hawatauweza.

"Na tukisema Mtambuzi hawezi," akamalizia, "nani anaweza?"

Nilijua jibu. Sikulitamka siku hiyo. Nilikwenda nyumbani nikala wali bila kuusikia utamu, nikijishawishi kwamba kichaka ni kichaka tu, watu kwanza. Ni hoja nzuri, na huenda mwingine angelala nayo salama. Mimi nilijijua. Sikuwa nawalilia watu wa viazi. Nilikuwa nalilia lile kabati.

3

Siku ya tatu nilikwenda Kwehoza na vikonyo sitini ndani ya sanduku la barafu.

Vilikatwa asubuhi hiyo kutoka kwenye vichaka sitini vyenye namba, ambavyo maabara ya chini ilishavisoma mwaka jana kutoka mwanzo hadi mwisho. Majibu yalikuwapo muda wote. Yalionyesha makundi mawili, thelathini na nne kwa ishirini na sita, lakini kwa kuwa Mtambuzi alisema ni aina moja, tofauti ile iliandikwa kuwa dosari ya kipimo na faili likafungwa. Saini chini ya faili ni ya nani, usiniulize.

Saumu alikuwa amewaita wenzake kumi na mmoja. Walikaa kwenye ukuta wa mawe wa ngazi za shamba, wamevua viatu, wananitazama kama mtahini aliyechelewa. Mmoja, bibi aliyekuwa hana meno ya mbele, akaniita Mama Rejesta, na wote wakaangua kicheko. Nilistahili.

"Sheria ni moja," Ngoda akatangaza. "Kila mmoja anashika vyote sitini, kwa vidole tu, kitambaa machoni. Mimi naandika. Hakuna kusaidiana."

"Na mama mkuu naye?" akauliza Saumu.

Ngoda alinitazama. Nikavua miwani. "Na mimi."

Tulimaliza saa sita na nusu. Ngoda aliyalinganisha majibu na ya maabara, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akamkabidhi Saumu kibao asome mwenyewe. Wanawake kumi na wawili, vikonyo sitini kila mmoja: hakuna kosa. Si machache. Hakuna. Mbainishi mkuu wa milima yote ya Usambara: amekosa saba.

Nilitegemea kuona aibu. Badala yake nilijawa na fahari, fahari ya kutaka kupanda ukuta ule nikapiga vigelegele. Ujuzi huu ulikuwa kwetu. Ulikuwa umekaa kwenye ncha za vidole vya wanawake wanaochambua maharage, mama kwa binti, bila karatasi wala kabati, na haukupata moshi hata siku moja.

"Mko wangapi mnaoweza hivi?" nikauliza.

Saumu alitazama wenzake, akahesabu vijiji kwa kidevu. "Kila aliyewahi kutunza mbegu miteremko hii saba. Mia mbili na zaidi."

"Siku sita zinawatosha?"

"Inategemea," akasema. "Mnatuomba, au mnatutuma?"

Swali lilikuwa la haki. "Nawaomba. Na kabla hamjajibu, nitasema redioni kwa nini nawaomba."

Saa kumi jioni redio ya wilaya ilinipa dakika tano, nikatumia mbili. Nilisema jina langu na cheo changu. Nilisema mlengwe wa Shechambo ni aina mbili, kwamba niliambiwa na wenyeji nikaandika si kitu, kwamba nilikausha matawi kwa moshi nikapoteza alama, na kwamba habari ya betri ilikuwa uongo wangu, si wa Injinia Ngoda. Nikafuta idhini. Nikasema kuanzia kesho atakayewaambia nungu kipi wang'oe na kipi waache ni mkono wa mtunza mbegu, na kwamba kutu ikitoroka nilaumiwe mimi, kwa kuwa nimewapima nikaona wananizidi. Mtangazaji alisahau kufunga kipaza sauti, wilaya nzima ikamsikia akisema, "Du!"

4

Walikuja mia mbili na kumi na watatu. Mimi nilikuwa wa mia mbili na kumi na nne.

Mpango ulikuwa wa Saumu. Ukigusa ukakuta unga, unafunga ukanda wa kanga. Nungu watafuata nyuma. Kichaka chenye ukanda wanakiruka, kisicho na ukanda kinang'oka. Na kila mwanamke achane kanga yake mwenyewe, asiazime, ili ukanda ukionekana umewekwa pasipofaa ajulikane mwenye kanga.

"Unatutilia mashaka?" akalalamika mmoja.

"Silitilii mashaka titi la mama yako lililokunyonyesha," akajibu Saumu. "Lakini mbegu ya watu ni mbegu ya watu. Kila mtu na kapu lake."

Nami nilitaka kushika mteremko. Saumu alinitazama vidole. Alijua makosa yangu saba. "Tangu siku ile umefanya mazoezi?"

"Vikonyo mia tano. Mia moja vya mwisho sikukosa."

"Shika ngazi za chini, karibu na chemchemi. Ukiwa na shaka, usione haya kuita."

Sijapata kufanya kazi kama ile. Tulipanda kwa safu, hatua mbili kati ya mtu na mtu, mikono mbele. Walikuwa wanataniana tangu asubuhi: waume, wakwe, pilau ya nani haina chumvi. Vidole havikusimama. Mtu anacheka hadi machozi, na huku kikonyo kinapita kati ya gumba na shahada, ukanda unafungwa, hatua inayofuata. Nyuma yetu nungu walikuja wakifanya kile walichoambiwa. Ngoda alikuwa amemwachia Mtambuzi kuwaonyesha mlengwe wa zambarau tu, bila hukumu ya kung'oa. Hukumu waliisoma kwenye kanga tu. Kila jioni niliinua macho nikaona mteremko mwingine umetapakaa rangi, maua na mistari na doti, na kati yake udongo mweusi uliogeuzwa. Moyo ulinijaa. Nilisema kwa sauti, bila kujali nani anasikia, kwamba hakuna nchi nyingine duniani ingeweza kulifanya hili.

"Ukipunguza maneno utamaliza safu," Saumu akanijibu kutoka juu.

Siku ya sita saa tisa alasiri, ukanda wa mwisho ulifungwa. Tulihesabu elfu kumi na moja na mia sita. Mawingu yalikuwa yameshakaa kwenye vilele upande wa Magamba.

5

Mvua ilianza kesho yake na ikanyesha wiki tatu.

Kutu ya viazi haijifichi tena ikishalowa kwa wiki tatu. Chini ya jani hutoka madoa ya rangi ya chungwa, na kuanzia hapo ina siku nne kabla ya kuruka. Kwa hiyo mara tu mvua ilipopungua tulianza ukaguzi: Ngoda, Saumu na mimi, na wanawake ishirini wa kugeuza majani. Hatukusema mengi. Huko chini viazi vilikuwa vimeshatoa majani mawili mawili, kijani kibichi, mashamba kwa mashamba.

Mteremko wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Siku ya pili tulimaliza wa sita, na Ngoda, mtu asiyejua kupiga kelele, alianza kupiga mluzi. Jani la jike baada ya jani la jike, hakuna doa. Elfu kumi na moja na zaidi. Saumu alikuwa anatembea ameinua shingo, na nilipomtazama hakujisumbua kuishusha.

Siku ya tatu tukafika ngazi za chini, karibu na chemchemi.

Ngoda ndiye aliyesimama. Kichaka kilikuwa kidogo, kimejibana kwenye jiwe, kina maua matatu. Aligeuza jani, akageuza lingine. Chini yake palikuwa na madoa ya rangi ya chungwa, mabichi ya jana au juzi. Aliyaachia taratibu na kutuita.

Kwenye shina ulifungwa ukanda. Kanga ya kijivu yenye korosho nyekundu. Nilikuwa nimeinunua mwaka aliozaliwa mjukuu wangu wa kwanza.

Saumu aliitazama kanga, akaniangalia mimi, akaangalia pembeni. Ngoda akatoa mfuko mzito, tukakifunika kichaka chote kwanza ili vumbi la kutu lisitoke. Kisha nilipiga magoti nikaking'oa mwenyewe, kwa jembe na mikono. Ilinichukua nusu saa kufuata mizizi kati ya mawe, na hakuna aliyejaribu kunisaidia, jambo ambalo niliwashukuru. Tulipokagua vilivyobaki mpaka ukingo wa maji, vyote vilikuwa safi. Kutu haikuwa imeruka. Viazi vimepona, na jike yuko pale pale.

Ngoda alikaa juu ya jiwe kuandika taarifa kwa ajili ya Rejesta. Aliandika, akasita, kalamu ikabaki hewani.

"Naweza kuandika 'kosa moja, limerekebishwa'," akasema kwa sauti ya chini. "Si lazima kutaja. Kosa moja kati ya elfu kumi na moja na mia sita, mama mkuu. Hakuna atakayeuliza."

Saumu alikuwa ananawa mikono kwenye chemchemi. Alisikia, lakini hakugeuka.

Nilipangusa udongo magotini. Safari hii sikuhitaji siku nzima ya kufikiri, wala sikuona uzito wowote, ila furaha iliyonijaa kifuani.

"Andika Foibe Shechambo, jina lote, na cheo," nikamwambia. "Halafu chini yake waandike wengine, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake, mia mbili na kumi na watatu. Na mbele ya kila jina weka: hakukosea."